Januari ya Binti Aliyekimbia Desemba



Wiki hizi ukipita sokoni, mji wowote ule, habari ni moja: sare, viatu vyeusi, kaunta buku, na mzazi anayehesabu noti mara mbili kabla ya kumkabidhi muuzaji. Shule zimefunguliwa. Lakini yuko mtoto ambaye Januari hii hana wa kumpeleka dukani, na si kwamba ni yatima. Baba yuko hai, mama yuko hai, nyumba ipo, ng'ombe wako zizini. Alikimbia. Alitoka usiku mmoja wa Desemba, akakata mashamba kwa miguu mpaka kwa mtu aliyemwamini, ili asikeketwe.

Huyo ndiye ninayetaka tumzungumzie leo, na tuanzie pale habari zake zinapokatikia. Desemba huwa tunazisikia: mabinti kadhaa waokolewa, mkuu wa wilaya akemea, ngariba atafutwa. Januari kimya. Na Januari ndipo anaposimama mlangoni kwa mwalimu mkuu na kusema, naomba kusoma.

Kwa asiyeijua hali ya kule, nieleze. Mkoani Mara, hasa Tarime na Serengeti, katika baadhi ya koo za Wakurya, ukeketaji una msimu wake. Kwa kawaida ni Desemba, na kwa koo nyingi ni ule mwaka unaogawanyika kwa mbili. Baraza la wazee wa mila, linaloitwa inchama, ndilo linalotoa neno. Ngariba wanajiandaa, nyumba zenye mabinti zinaanza kupokea wageni. Anayetazamwa ni binti wa miaka 12, 13, 14, mara nyingi yule aliyefanya mtihani wa darasa la saba Septemba. Asiyekeketwa huitwa msagane, na kwa anayeujua uzito wa neno hilo, ni tusi linalomfuata mtu kisimani, likamfuata na ukweni. Baada ya kukeketwa, mazungumzo ya mahari yanaanza, na mahari ni ng'ombe. Kwa hiyo binti anayetoka usiku anakimbia mambo mawili kwa pamoja, kisu na ndoa iliyosimama nyuma ya kisu. Ndoa hiyo ndiyo inayomtoa shuleni.

Sheria haina kigugumizi hapo. Tangu 1998, kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai Tanzania, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 5 wala kuzidi 15. Sheria ya Mtoto ya 2009 ikaongeza kwamba halmashauri ina wajibu wa kulinda ustawi wa kila mtoto aliye katika eneo lake. Angalia neno hilo, aliye. Halikusema aliyezaliwa pale. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, wakati kwa nchi nzima ilikuwa asilimia 10.

Ndipo zikaja nyumba salama. Mugumu, makao makuu ya wilaya ya Serengeti, nyumba ya kwanza ilifunguliwa 2014, na jina la Rhobi Samwelly linajulikana na kila mtu kule, maana yeye mwenyewe alikeketwa akiwa binti, akatoka katika maumivu hayo na azma ya kuwapokea wengine. Baadaye ikafunguliwa nyingine Butiama. Tarime kuna kituo cha Masanga, ambacho msimu ukifika hujaza mabinti kambini mpaka magodoro yanapakana. Wako watu waliojitolea kuchora ramani za vijiji ambavyo havikuwa kwenye ramani yoyote, ili binti akipiga simu usiku na kutaja jina la kitongoji, polisi wajue wapite njia ipi. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi linakwenda na gari. Kazi hiyo ya Desemba naiheshimu kwa moyo wote, na watu wanaoifanya wanatukanwa vijijini mwao wenyewe kwa ajili yake.

Sasa nikusimulie nililoliona kwa macho yangu. Shule siitaji, wilaya siitaji. Kulieleza jambo nimeruhusiwa, kumwonyesha mtoto kidole sikuruhusiwa. Ilikuwa Jumanne, wiki ya pili ya Januari ya mwaka mmoja huko nyuma, saa mbili na nusu asubuhi. Nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, na shughuli zangu nyingine kabisa. Akaja mama wa makamo, mlezi katika nyumba salama, na binti wa miaka kama 13. Binti amevaa sketi ya shule iliyofupishwa kwa sindano ya mkono, ilikuwa ya mtu mrefu kuliko yeye, na ndala, ya kulia nyekundu, ya kushoto kijani. Kwapani ameshika daftari moja, la Hisabati, jalada limekunjika katikati. Mlezi aliniambia baadaye kwamba usiku ule alilichomeka kiunoni, ndani ya khanga, na ndicho kitu pekee alichotoka nacho nyumbani kwao.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, binti. Karibuni mketi. Mama, amekuja kuanza?"

"Ndiyo mwalimu. Darasa la saba."

"Uhamisho wake?"

Mama kimya.

"Namba yake ya PReM je?"

"Iko shule aliyotoka, mwalimu."

"Basi mkaifuate, mama yangu, halafu mje. Mtoto nitampokea."

"Mwalimu, tukiifuata kule, baba yake atajua tulipo kabla jua halijazama."

Mwalimu yule hakuwa mtu mbaya, na naomba msikilizaji usimfanye mbaya. Alivua miwani, akaipangusa kwa pindo la shati, akamtazama binti kwa muda. Kisha akasema kwa sauti ya chini: "Mama, nikimwandika mtoto asiye na namba, siku ya mtihani nitaulizwa mimi." Na alisema kweli. Mwanafunzi wa shule ya msingi Tanzania ana namba katika PReM, mfumo wa Baraza la Mitihani, na anapohama, shule anayotoka ndiyo inayomtoa na shule anayokwenda inampokea. Usajili wa mtihani wa darasa la saba unapita humo humo. Mfumo ni mzuri; umepunguza wanafunzi hewa. Ila uliundwa kwa mtoto anayehama kwa sababu baba kapata kazi Shinyanga, baba huyo huyo akaja kusaini fomu.

Wakaambiwa waje Alhamisi. Alhamisi wakaambiwa Jumatatu, afisa elimu yuko safarini. Mlezi alinipigia simu wiki ya tatu ya Februari kuniambia kwamba binti ameingia darasani. Wiki tano.

Mtu atasema, wiki tano ni nini, atafidia. Basi tukae na hizo wiki tano kidogo. Wenzake wanaondoka asubuhi na sare, yeye anabaki anafagia uwanja na kuchambua maharage. Shangazi anapiga simu: rudi nyumbani, mama yako haoni usingizi, mambo yamekwisha, baba amekubali. Pengine ni kweli, pengine ni mtego. Mtoto wa miaka 13 atajuaje? Aliahidiwa, na yeye mwenyewe alijiahidi, kwamba akikimbia atasoma. Kila siku anayokaa bila kusoma, ile sababu ya kukimbia inapungua uzito na sauti ya shangazi inazidi kuwa tamu. Walezi wanalijua hili vizuri kuliko mtaalamu yeyote. Aliyeingia darasani mapema hutulia. Aliyekaa bure ndiye ambaye siku moja kitanda chake hukutwa kitupu, amerudi.

Hapo ndipo ninapotaka kusema nililokuja kusema. Kumbukumbu za mtoto zinatakiwa zimfuate mtoto, asizifuate yeye. Aandikwe siku ile ile aliyofika, akae kwenye dawati, na karatasi zitafutwe na watu wazima, kwa njia ya watu wazima, yeye akiwa anasoma.

Na njia hiyo iwe ya siri. Hili halizungumzwi vya kutosha. Kwa mtoto wa kawaida uhamisho ni karatasi tu. Kwa binti huyu uhamisho ni ramani. Fomu ikipelekwa shule ya kijijini, mwalimu mkuu wa kule ni jirani, mjumbe wa kamati ya shule ni baba mdogo, na jina la shule mpya limeandikwa pale kwa herufi kubwa. Wala simlaumu mwalimu wa kijijini. Anaishi pale, ananunua maziwa kwa watu wale wale. Ombi la binti lisipite kwa mwalimu huyo kabisa. Lipande kutoka kwa afisa ustawi wa jamii kwenda kwa afisa elimu wa halmashauri, naye ashughulikie uhamisho bila kijiji kuambiwa mtoto amekwenda wapi. Jambo hili halihitaji jengo wala fungu jipya la bajeti. Linahitaji mtu mmoja katika kila halmashauri ambaye ndiyo kazi yake, mwenye simu inayopokewa hata siku afisa elimu yuko safarini.

Marekani walilifikia jambo hili kwa njia yao. Kule wana sheria iitwayo McKinney-Vento, ilitungwa 1987 na imeboreshwa mara kadhaa, inayohusu watoto na vijana wasio na makazi, wakiwemo waliotoroka nyumbani na wanaoishi bila mzazi. Inataka shule impokee mtoto papo hapo hata kama hana kumbukumbu za masomo, hana kadi ya chanjo, hana uthibitisho wa mahali anapoishi. Shule iliyompokea ndiyo inayotafuta kumbukumbu kule alikotoka. Na kila wilaya ya shule lazima iwe na mtu maalumu wa kuwashughulikia watoto hao. Nchi ile ina matatizo yake, watoto wasio na makazi kule wanahesabiwa kwa zaidi ya milioni moja kila mwaka shuleni, sheria haijawapa nyumba. Ila swali la mlangoni wamelimaliza. Mtoto haulizwi karatasi kabla ya kuulizwa jina.

Nasi tunayo mambo ya kwetu ya kujengea. Tangu Januari 2016 ada ya shule za serikali iliondolewa hadi kidato cha nne, na 2022 ikaondolewa kidato cha tano na sita. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba aliyeacha shule, akiwemo msichana aliyejifungua, anaruhusiwa kurudi. Kwa waliopitwa na umri kuna MEMKWA, Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Walioikosa, ambao umekuwepo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 na umemrudisha mtoto wa miaka 13 kwenye mstari bila kumkalisha na wa miaka 7. Viongozi wamesema hadharani mara nyingi kwamba mtoto asirudishwe kwa kukosa sare. Milango ipo. Tatizo ni kwamba kila mlango una mtu anayeuogopa mlango unaofuata.

Sasa tumchukue dada wa binti yule wa daftari, aliyemaliza la saba na kufaulu. Matokeo yametoka, jina lake lipo, amechaguliwa kidato cha kwanza. Wapi? Shule ya sekondari ya kata, kata ile ile aliyoikimbia, pengine ukisimama uwanjani unaona paa la kwao. Furaha na hofu katika mstari mmoja wa orodha. Inabidi abadilishiwe shule, na bora iwe ya bweni. Akipata bweni, anapewa fomu ya kujiunga. Umewahi kuisoma fomu hiyo, msikilizaji? Godoro la futi mbili na nusu. Shuka jozi mbili za rangi iliyotajwa. Ndoo, fagio, kwanja, rimu ya karatasi. Kisha sehemu ya mzazi: jina la baba, kazi yake, namba ya simu, sahihi yake, picha zake za pasipoti.

Picha za baba! Mlezi mmoja aliniambia kwamba katika fomu nzima hakuna kinachomliza binti kama mstari huo. Godoro litapatikana, kanisa litachangia, msikiti utachangia, mwalimu atatoa ndoo ya nyumbani kwake. Ila pale penye picha ya mzazi binti anaweka kidole na kukaa kimya. Afisa ustawi wa jamii angeweza kusaini pale, na shule zenye busara zinakubali. Ingekuwa vema fomu yenyewe iseme hivyo, mzazi au mlezi au afisa ustawi, kwa wino uliochapishwa, ili mtoto asisimame mbele ya karani akieleza kwa nini baba yake hakuja. Akieleza mara moja kwa karani, atakuwa ameeleza bweni zima.

Kuna jambo moja ambalo huwa linaniuma, na nalisema kwa heshima kwa wanaotoa misaada. Binti hawa hupewa cherehani haraka mno. Cherehani ni kazi njema, imelisha nyumba nyingi, na nyumba salama zinafanya vizuri kuwafundisha waliopitwa kabisa na darasa. Lakini binti wa miaka 14 aliyekimbia na daftari la Hisabati kiunoni hakukimbilia kushona. Aulizwe kwanza. Akitaka ushonaji, apewe kwa moyo mweupe. Akitaka kidato cha kwanza, tusimpe cherehani kwa sababu tu cherehani haihitaji uhamisho.

Nisisahau mpaka. Wakurya wako pande zote mbili, Sirare kwetu na Isebania Kenya, na ndugu wa kuzaliwa wanatenganishwa na geti la forodha. Kenya ina sheria yake kali ya 2011 dhidi ya ukeketaji, na imeshaonekana mabinti wakivushwa kuja huku kukeketwa kwa kudhaniwa kwamba huku macho ni machache. Wapo pia wanaovuka kwa kukimbia. Binti aliyesoma upande wa Kenya, masomo kwa Kiingereza, mtaala mwingine, namba yake ikiwa katika mfumo wa wizara ya Nairobi, akifika Tarime ni kama hajawahi kusoma. Anawekwa darasa la chini, anachoka, anaona haya. Maafisa elimu wa pande mbili hawako mbali kiasi hicho. Ni mwendo mfupi wa gari. Wakae meza moja hata mara moja kwa mwaka, kabla ya msimu.

Na wazazi? Wengi wa mabinti hawa mwisho hurudi nyumbani, na hilo ni jema likifanywa kwa utaratibu. Ustawi wa jamii na polisi huwaita wazazi, wanazungumza, wanaweka sahihi kwamba hawatamkeketa, kisha binti hutembelewa. Nimewaona akina baba waliolia katika vikao hivyo. Si watu wasiowapenda watoto wao. Wengi waliogopa wazee, waliogopa kutengwa, waliogopa binti kukosa mume. Lakini angalia binti anayerudi akiwa mwanafunzi, ana sare, ana matokeo ya muhula mkononi, mwalimu anamjua kwa jina. Huyo hata nyumbani anapokewa kwa namna nyingine. Asipofika shuleni, atafuatwa nyumbani. Kila mtu kijijini anajua kwamba kuna mtu ataona kiti chake kitupu.

Msikilizaji, kama uko Mara au popote na unamfahamu mtoto aliye katika hali hii, namba 116 ni ya huduma ya simu kwa mtoto, na kuipiga ni bure. Piga hata kama huna hakika.

Nina ombi moja kwa halmashauri za Tarime, Serengeti na jirani zao, na nalitoa mapema kwa makusudi. Mwanafunzi wa bweni likizo ikifika anatakiwa aende kwao. Desemba shule zinafunga mageti, mabasi yanapanga foleni, na binti aliyelindwa mwaka mzima na mwalimu wa zamu anarudishwa nyumbani wiki ile ile ngariba anaponoa kisu. Shule moja ya bweni katika kila wilaya ibaki wazi. Mpishi mmoja, mlinzi mmoja, matroni mmoja, walimu wawili wa kujitolea kufundisha masomo ya ziada, magunia ya unga na maharage. Majina ya mabinti wanaohofiwa yaanze kuandikwa sasa, na mwalimu wa darasa ndiye anayeyajua.

Mwaka huu wa 2026 unagawanyika kwa mbili.